Rangi za Maji na Subira ya Mwanafunzi

Katika nyumba nyingi za pwani, mtoto akifika umri wa miaka minane au tisa hununuliwa kisanduku cha rangi za maji. Siku ya kwanza ni furaha tupu. Siku ya pili karatasi imejikunja kwa maji mengi, nyekundu imeingia katika kijani, kijani imeingia katika manjano, na zote zimegeuka rangi ya tope. Siku ya tatu kisanduku kiko uvunguni mwa kitanda. Hapo mzazi hutoa hukumu: "Mtoto huyu hakujaaliwa." Na mtoto, kwa kuwa amelisikia neno hilo kutoka kwa mtu anayemwamini, huenda nalo maisha yake yote.

Je, hukumu hiyo ni ya haki? Hebu tuirudie historia, tutazame jinsi walivyofundishwa watu ambao kazi zao za rangi za maji zingali zinawastaajabisha walimwengu baada ya miaka mia nne. Tutaona kwamba kwao kupaka rangi hakukuwa mwanzo wa somo, bali kulikuja baada ya mengine mengi. Sisi tumeanza pale walipomalizia wao, kisha tukamlaumu mtoto.

RANGI YA MAJI NI NINI?

Wewe msomaji wa pwani huna haja ya kwenda mbali kuijua. Bila shaka umeona kombe likiandikwa. Zafarani huloweshwa katika maji ya mawaridi, ikaandikiwa juu ya sahani nyeupe, maandishi yakakauka, kisha yakaoshwa kwa maji. Hatukusudii hapa kuingia katika hukumu ya kombe. Twataka uangalie jambo moja tu, nalo ni kwamba kilichowekwa kwa maji huondoka kwa maji.

Ili rangi ikae karatasini miaka na miaka, yahitaji kitu cha kuishikiza. Ndiyo maana rangi ya maji ina sehemu tatu: unga wa rangi, maji, na gundi ya mti wa mgunga, ile ambayo nchi ya Sudan ni mashuhuri kwayo hata leo. Maji hubeba, gundi hushikiza, kisha maji hukauka yakaenda zake. Gundi ikipungua, rangi husuguka na kutoka kama vumbi. Ikizidi, rangi hung'aa, hatimaye ikapasuka. Kwa hiyo hata kabla ya kugusa karatasi, mwenye kazi hii amekwisha kufundishwa kipimo.

Tena ziko njia mbili za kuitumia. Ya kwanza ni ya rangi nyepesi, ambayo weupe wa karatasi huonekana chini yake, kama vile mchanga unavyoonekana chini ya bahari iliyotulia. Ya pili ni ya rangi nzito, iliyochanganywa na unga mweupe hata ikaifunika karatasi. Wachoraji wa vitabu wa Uajemi na Bara Hindi walitumia zaidi njia hii ya pili. Hata hivyo walikuwa na mtindo mwingine walioupa jina la nim qalam, maana yake nusu kalamu, ambao mchoro wa wino hupakwa rangi kidogo tu, nyepesi.

KARAKANA ZA WAFALME

Mwaka 1540 Humayun, mfalme wa pili wa ukoo wa Mughal, alishindwa vitani na Sher Shah, akaukosa ufalme wake wa Bara Hindi. Mwaka 1544 alifika Uajemi kuomba hifadhi kwa Shah Tahmasp. Huyu Tahmasp alikuwa amejifunza uchoraji katika ujana wake, na kwake palikuwa na mabingwa wakubwa wa fani hiyo. Lakini kadiri miaka ilivyopita mapenzi yake yalipoa, na mwisho akauacha kabisa. Humayun, ingawa alikuwa mkimbizi asiye na kiti, hakuyasahau aliyoyaona. Mwaka 1549 mabingwa wawili, Mir Sayyid Ali wa Tabriz na Abd al-Samad wa Shiraz, wakamfikia mjini Kabul. Kuhusu huyu Abd al-Samad imesimuliwa kwamba aliweza kuandika Suratul Ikhlas juu ya punje moja ya mbegu ya mmea wa afyuni, ambayo ni ndogo kuliko ufuta.

Wakati huo Akbar, mwana wa Humayun, alikuwa mtoto wa miaka saba. Naye akawekwa mbele ya waalimu hao kufundishwa kuchora. Iko picha ya mkono wa Abd al-Samad, iliyohifadhiwa katika maktaba ya kasri la Golestan mjini Tehran, inayomwonyesha kijana Akbar akimkabidhi baba yake picha. Fikiri juu ya jambo hilo, msomaji. Mtoto wa mfalme anapeleka kazi ya karatasi kwa baba yake, na baba anaipokea kwa mikono yake. Ni wazazi wangapi kati yetu wanaoipokea karatasi ya mtoto namna hiyo, wakaitazama, wakamwuliza alivyoifanya?

Humayun alirudi Delhi mwaka 1555, akafariki mwaka uliofuata. Akbar akatawala akiwa na umri wa miaka 13, na baadaye akaijenga karakana kubwa ya vitabu. Neno letu "karakana" limetoka huko huko kwa Waajemi na Wahindi, na neno "rangi" vilevile. Kazi kubwa ya kwanza ya karakana hiyo ilikuwa kitabu cha visa vya Amir Hamza, ami yake Mtume (S.A.W.), chenye picha zipatazo 1,400. Kilichukua kiasi cha miaka 15, kwanza chini ya Mir Sayyid Ali, kisha chini ya Abd al-Samad.

Kazi ya humo haikuwa ya mtu mmoja. Mara nyingi bingwa alichora muundo, mwingine akapaka rangi, na mwingine akapewa nyuso tu. Abu'l-Fazl, waziri na mwandishi wa historia ya Akbar, ameandika kwamba kila wiki kazi za wachoraji ziliwekwa mbele ya mfalme, naye akatoa tuzo kwa kadiri ya ubora. Mwandishi huyo huyo ametuachia habari za Daswanth, mwana wa mchukuzi wa machela. Daswanth alikuwa Mhindu maskini, na alikuwa akichora juu ya kuta. Akbar aliyaona michoro hayo, akamtoa mtoto ukutani akamkabidhi kwa Abd al-Samad. Haukupita muda mrefu akawa miongoni mwa mabingwa wa zama zake. Kwa bahati mbaya alishikwa na maradhi ya akili, na maisha yake yakaisha kwa huzuni mwaka 1584.

Kisa cha Daswanth kina mafunzo mawili. La kwanza, kipaji kilikuwako tangu ukutani, lakini bila mwalimu kingalibaki ukutani. La pili, mfalme aliona michoro ya mtoto wa mchukuzi asiseme "anachafua kuta". Alisema kwa vitendo: "Mtafutieni mwalimu."

DARASA LA MWANZO LILIKUWA NINI?

Sasa tuingie ndani ya karakana, tumtazame mwanafunzi. Vitu vyake vyote vilitengenezwa kwa mkono, na kuvitengeneza ndiko kulikokuwa darasa lake la kwanza.

Karatasi ilipakwa wanga ili isinywe maji kupita kiasi, ikagandishwa moja juu ya nyingine hata ikawa nene, kisha ikasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ikateleza. Brashi ilitengenezwa kwa nywele za mkia wa kindi au za paka mchanga, zikachaguliwa, zikafungwa, zikaingizwa katika bua la unyoya wa ndege. Ncha yake ilitakiwa iwe nyembamba, na tena iwe na tumbo la kushika maji. Kwani brashi isiyoshika maji hukauka katikati ya mstari.

Kisha rangi. Buluu ya thamani ilitoka katika mawe ya milima ya Badakhshan, na nyingine ilikuwa nili ya majani. Nyekundu ilikuwa zingefuri, inayopatikana kwa zebaki na kibiriti. Nyeusi ilikuwa masizi ya taa. Nyeupe ilitokana na risasi, nayo ni sumu, kwa hiyo mwanafunzi alifunzwa tahadhari pamoja na kazi. Kila moja ilisagwa, ikaoshwa kwa maji, ikachujwa, ikasagwa tena, ikatiwa gundi, ikawekwa katika kombe la chaza. Anayesaga kwa haraka alipata rangi yenye mchanga, na mchanga huo ukaonekana karatasini mbele ya watu wote. Hapakuwa na haja ya mwalimu kumkemea. Rangi yenyewe ilimshitaki.

Kalamu pia ilikuwa na zamu yake kabla ya rangi. Mwanafunzi alichora mistari, mapindo na majani, tena na tena, na akanakili kazi za mwalimu. Ilikuwako hata njia ya kutoboa mchoro wa bingwa kwa sindano juu ya ngozi nyembamba, ukapitishwa unga wa makaa katika vitundu, na alama zikatokea kwenye karatasi mpya. Kunakili hakukuhesabiwa aibu. Mkono uliofuata nyayo za mkono mwingine kwa muda mrefu ulijifunza kutembea peke yake.

Baada ya hayo yote ndipo rangi ilipopakwa, nayo kwa mpango. Mchoro ulifunikwa kwa tabaka jepesi la rangi nyeupe, mistari ikaonekana kwa mbali, ikarudiwa upya. Kisha rangi ikawekwa bapa, ikaachwa ikauke. Picha ikageuzwa kifudifudi juu ya kitu laini, ikasuguliwa mgongoni kwa akiki. Ndipo likaja tabaka jingine, na jingine. Baada yake zikafuata nukta na mistari midogo kama unyoya, za kuleta kivuli na uhai. Na dhahabu na nakshi za kumalizia zikangoja zamu yao.

Siri ya kazi yote, ndugu msomaji, imo katika yale maneno mawili: "ikaachwa ikauke." Rangi ikiwekwa juu ya tabaka bichi, hutawanyika na kuvamia ya jirani. Wazee wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli kwamba rangi nzito huweza kufunika kosa dogo. Lakini tabaka likizidi unene, hupasuka na kubambuka, na kosa lililofichwa huonekana kwa ubaya zaidi kuliko lilivyokuwa mwanzo. Je, mambo ya tabia si hivyo hivyo? Anayefunika kosa juu ya kosa huwa anangojea siku ya kubambuka.

MAUA YA KASHMIR NA PUNDA MILIA

Jahangir, mwana wa Akbar, alitawala tangu 1605 hadi 1627. Katika wachoraji wake alikuwako Mansur, aliyepewa lakabu ya Nadir al-Asr, yaani wa nadra katika zama zake. Mwaka 1620, walipokuwa Kashmir, mfalme aliandika katika kumbukumbu zake kwamba maua aliyoyachora Mansur yalizidi mia moja. Zaidi ya maua mia, na kila ua lilitazamwa kwa macho ya mtu anayetaka kujua majani yake ni mangapi na yamepinda vipi.

Mwaka uliofuata, 1621, alifikishiwa Jahangir mnyama kutoka Uhabeshi ambaye watu wa huko hawakupata kumwona: punda milia. Mistari yake iliwashangaza, hata baadhi yao wakadhani kwamba ni rangi iliyopakwa na watu. Wakamchunguza, wakathibitisha kuwa ndivyo alivyoumbwa na Mola wake. Mansur akaamrishwa amchore. Na picha hiyo ipo hata sasa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunaomjua mnyama huyo tangu utoto hatustaajabu tena. Mchoraji alimstaajabia, na kwa kustaajabu akamwona mstari kwa mstari. Abu'l-Fazl amesimulia kwamba Akbar naye alikuwa na maoni kama hayo: mchoraji, kwa kuwa hawezi kukitia roho alichokichora, hulazimika kumkumbuka Yule atiaye roho.

Hapana shaka msomaji utauliza: vipi kuhusu hukumu ya picha? Wanazuoni wana maneno marefu juu ya picha za viumbe wenye roho, na kila mtu na awaulize wanazuoni wake. Lakini imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mtu mmoja ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (R.A.). Ibn Abbas akamwonya, kisha akamwelekeza kwamba kama hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Tazama rehema iliyomo humo: mlango mmoja ulipofungwa, mwingine ulionyeshwa papo hapo. Na mlango huo ndio unaomfaa mwanafunzi wa mwanzo, kwa sababu jani halisogei, halichoki, na halina haraka.

MIKONO YA SIYU

Usidhani, msomaji, kwamba adabu hii ya kalamu na rangi ilikuwa ya mabara ya mbali tu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na waandishi walionakili misahafu kwa mikono yao katika karne ya 18 na ya 19. Karatasi ilitoka ng'ambo, Ulaya. Lakini kalamu, mkono na nakshi vilikuwa vya hapa hapa. Kurasa zao zimepambwa kwa nyeusi, nyekundu na manjano, rangi tatu tu. Mwenye kisanduku cha rangi ishirini na nne na aizingatie habari hiyo.

Baadhi ya misahafu hiyo imehifadhiwa katika makumbusho. Misahafu ya chapa ilipofika kwa wingi na kwa bei nafuu, kazi ya mwandishi wa mkono ilipungua. Hilo si la kulaumiwa, kwani neno la Mwenyezi Mungu liliwafikia watu wengi zaidi. Lakini elimu ya mkono haikai katika kabati. Hukaa kati ya watu wawili: anayejua, na anayekubali kuketi mbele yake. Fundi akifa, jambo hilo ni la kawaida ya wanadamu. Fani hufa pale mwanafunzi anaposimama kabla ya wakati.

NYUMBANI KWETU LEO

Kisanduku anachonunuliwa mtoto kina historia yake. Huko London, mwaka 1781, ndugu wawili wa ukoo wa Reeves walitunukiwa na jumuiya ya sanaa kwa kutengeneza vipande vikavu vya rangi vilivyo tayari kwa kuloweshwa. Mwaka 1846 kampuni ya Winsor & Newton ikatoa rangi za maji katika vibomba vya kuminya. Tangu hapo mchoraji hakuhitaji tena kusaga. Ni wepesi mkubwa. Ila ule muda wa kusaga, ambao ulimtuliza mwanafunzi na kumfunza kipimo, uliondoka pia. Basi yatupasa kuurudisha kwa njia nyingine, nayo si ngumu.

Mpe mtoto karatasi nene, isiyo ya daftari, kwani ya daftari hunywa maji ikachanika. Weka vikombe viwili vya maji, kimoja cha kusuuzia brashi na kingine kisafi. Mpe rangi moja tu, nili au nyeusi. Achore visanduku vitano katika mstari: cha kwanza apake rangi yenye maji mengi, cha pili maji yapungue, hata cha tano kiwe kizito kabisa. Akiweza kuzipanga daraja hizo tano bila kuruka moja, amejifunza jambo ambalo rangi ishirini na nne zisingemfunza.

Siku nyingine ainue karatasi kidogo upande wa juu, ajaze brashi, avute mstari mpana kutoka kushoto hadi kulia. Tone litakusanyika chini ya mstari. Alichukue tone hilo kwa mstari unaofuata, mpaka ukurasa ujae rangi sawasawa. Kisha aiweke karatasi chini asiiguse. Hapo ndipo jaribio lilipo! Mkono utawasha kurudi kurekebisha, na ukirudi utaacha doa. Aende akasali au akachote maji, arudi ikiwa imekauka.

Baada ya hapo mwekee jani moja la mwembe. Aanze na rangi nyepesi, amalizie na nzito, kwa maana nyepesi hutiwa uzito wakati wowote, lakini nzito ni shida kuirudisha. Na pale jani linapong'aa kwa jua, asipake kitu. Aache weupe wa karatasi. Katika rangi nyepesi za maji nuru haipakwi, huachwa. Kujua mahali pa kuzuia mkono ni nusu ya ufundi huu, kama vile kujua mahali pa kuzuia ulimi ni nusu ya maneno mema.

Na wewe mzazi una sehemu yako. Usiulize, "Mbona halifanani?" Muulize, "Leo umengojea likauke?" Swali la kwanza hupima kipaji, ambacho hamkukichagua wewe wala yeye. Swali la pili hupima subira, na hiyo ndiyo inayofundishika. Akikuletea karatasi, ipokee kwa mikono miwili. Andika tarehe nyuma yake uihifadhi, ili baada ya miezi sita mtoto aione ya kwanza na ya mwisho, ashuhudie mwenyewe alikotoka.

Ndugu msomaji, si kila mtoto atakuwa Mansur, wala haihitajiwi iwe hivyo. Lakini mtoto aliyezoea kuketi mbele ya jani moja kwa saa nzima, akalitazama uzuri wake, akazuia mkono wake, akangoja, amepata akiba itakayomfaa katika elimu yoyote na katika maisha yake yote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu macho ya kuzingatia na mikono yenye subira, na atupe sisi wazazi ndimi zisizokata tamaa kabla yao. Amin.